Papa Nuhu Anakusalimia

Goma, tarehe 4 Novemba 2001

Mudogo wangu Nasiba,

Asalaam alaikum. Ikiwa barua hii imekukuta na afya, basi dua zangu zimefika Ubelgiji kabla yake. Sisi huku tuko. Papa yuko, macho yanazidi kumusumbua, lakini bado anatembea kila mahali kama vile kamyo yake ya zamani ya mizigo imeegeshwa tu pahali fulani na kesho ataipanda. Asubuhi anaenda Ndosho kwa rafiki yake, yule fundi wa magari, wanashinda wakibishana juu ya injini ambazo hata hazitengenezwi tena. Kabla ya kutoka, lazima aseme kitu juu ya chakula changu. Sombe yangu ya majani ya mihogo ina chumvi, muchele umelowa. Halafu anakula yote.

Butike ya vitenge iko palepale Birere. Watu wa uasi wanapita, leo wanataka hiki, kesho kile. Sitaandika mengi, juu barua zinafunguliwa. Hii naivusha mupaka mpaka posta ya Gisenyi, maana posta yetu imebaki jina.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mama Clotilde, jirani yetu aliyetoka Bukavu. Aliniuliza: "Aziza, mudogo wako anasomea nini huko miaka yote hii?"

Nikasema: "Nyota."

"Nyota zinasomewa? Si zinaonekana tu?"

"Yeye anasomea kitu ambacho hakionekani."

Alicheka mpaka akashika mulango. Papa naye akauliza: "Kama hakionekani, wamejuaje kwamba kipo?" Mimi dada yako mukubwa, niliyekulea tangu Mama alipokufa, niliyekushika mukono mpaka shuleni, siwezi kumueleza jirani kazi yako. Nieleze basi. Uandike unavyozungumza na mimi. Ya maprofesa wabakie nayo wao.

Papa anakusalimia. Amesema ule vizuri na uvae soksi.

Yaya wako,
Aziza


Liège, tarehe 9 Desemba 2001

Yaya Aziza, mama yangu wa pili,

Wa alaikum salaam. Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta pembeni, nimeinusa kama mutoto. Mimi ni muzima. Baridi imeanza, soksi nimevaa mbili mbili, umwambie Papa. Ramadhani hapa ni ngumu kwa upweke kuliko kwa njaa. Ninafuturu mbele ya ordinateri, hii mashine ya hesabu.

Sasa swali la Papa. Jua letu na nyota zote tunazoziona ni watu wa kijiji kimoja kikubwa sana kinachoitwa galaksi, na kuna galaksi nyingine zisizohesabika. Nyota zinazunguka ndani ya galaksi. Zile za pembeni zinakwenda kwa kasi kubwa mno. Ukijumlisha uzito wa kila kitu kinachong'aa, hautoshi kuzishika. Zingekwisha tupwa nje zamani. Hazitupwi. Basi kuna uzito mwingine unaozivuta, mara nyingi kuliko nyota zote, usiotoa mwanga wala kuuziba. Tunauita maada ya giza. Papa akiuliza tumejuaje, mujibu hivi: kinavuta.

Kipo, lakini ni kitu gani? Hapo ndipo ugomvi. Wengi wanasema ni chembe nzito zinazokwenda polepole; wanaiita maada baridi. Fikiria watu wasio na haraka Birere. Wawili wakisimama kuzungumza, wa tatu anasimama, wanakuwa kikundi, kikundi kinaungana na kingine, mwishowe njia imefungwa. Kwa maada baridi ulimwengu ulijengwa hivyo: vidogo kwanza, kisha vikaungana. Lakini hesabu hiyo inataka galaksi yetu izungukwe na galaksi ndogo mamia. Angani tunaona kumi na kidogo tu.

Wengine wanasema basi maada hiyo ni ya vuguvugu. Chembe zake ni nyepesi, na mwanzoni zilikimbia. Mutu anayekimbia hasimami kwenye vikundi vidogo, anapita. Kwa hiyo vidogo vingi havizaliwi, na hata vikubwa vinachelewa. Tena kuna wanaosema chembe hizo zinagongana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana katikati ya galaksi hazisongamani sana.

Mimi nimechukua hiyo ya vuguvugu. Ninaziweka chembe mamilioni ndani ya ordinateri kubwa ya iniversite, ninazipa mwendo wake wa mwanzo, kisha ninaacha zivutane. Zinajijenga zenyewe. Mwishoni ninaangalia kama ulimwengu uliotokea unafanana na wetu. Joto likizidi, galaksi zinachelewa mno kuzaliwa, na haiwezi kuwa hivyo kwa sababu tunaona nyingine za zamani sana.

Na kuna habari njema. Katika ulimwengu wangu wa mwisho, kati ya galaksi kubwa kumetokea nyuzi ndefu, na juu ya nyuzi vikundi vidogo vimejipanga kama shanga. Profesa wangu amefurahi sana. Anasema hiyo peke yake inaweza kuwa teze, kile kitabu cha udokta.

Mama Clotilde akicheka tena, mwambie namusalimia.

Nasiba wako


Goma, tarehe 10 Februari 2002

Mudogo wangu,

Asalaam alaikum. Ile simu niliyokupigia ilikatika kabla sijamaliza, na nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana kila mutu ampigie wake. Nilikwambia tuko wazima. Ndiyo hivyo.

Umeona kwenye televizio, kwa hiyo sina la kukuficha. Mulima wetu wa moto ulipasuka ubavuni siku ya Alhamisi asubuhi, na muchana moto ukawa umeingia muji. Haukukimbia. Ulikuja polepole kama mutu anayejua atafika. Butike imekwenda. Nyumba imekwenda. Pahali pa mulango wetu kuna jiwe jeusi, ukimwaga maji linafuka mpaka leo. Tulivuka na mama Clotilde mpaka Gisenyi, tukalala nje, halafu tukarudi. Watu wote walirudi. Hata watu wa uasi, waliotutawala na kutukimbiza, walitupisha njia siku hiyo, kila mutu alikuwa na godoro kichwani.

Sasa niko Ndosho, kwa yule fundi rafiki ya Papa. Yeye na muke wake wametupa chumba cha uani.

Nasiba, nisikie vizuri: usije. Ukija hutajenga nyumba kwa mikono yako. Kaa, maliza. Hilo tu ndilo ninalokuomba, na sijakuomba mengi.

Papa anakusalimia.

Yaya Aziza


Liège, tarehe 17 Machi 2002

Yaya wangu,

Nashukuru Mungu, nashukuru tena. Siku ile nilikuwa chumba cha televizio cha wanafunzi. Nikaona barabara ya Birere, nikaona moto unapita katikati yake, na mutu nyuma yangu akasema, "Ni nzuri, sivyo?" Nilitoka bila koti.

Sitakuja, kwa kuwa umekataza. Nimewatumia kifurushi: nguo kidogo, dawa, na miwani ya Papa. Tafadhali muulize kama inamufaa. Aseme yeye mwenyewe anaonaje, akitaka yenye nguvu zaidi nitatafuta.

Kazi inaendelea. Nimepata nyuzi ndefu kati ya galaksi, na vikundi vidogo juu yake vilivyojipanga kama shanga. Profesa amefurahi.

Niandikie haraka. Niandikie juu ya Papa.

Nasiba


Goma, tarehe 2 Juni 2002

Mudogo wangu,

Asalaam alaikum. Nimekawia, usinihesabie. Mvua ilikuwa nyingi na juu ya mawe haya mapya hakuna maji yanayokaa wala njia inayonyooka. Watu wameanza kuuza juu ya lava yenyewe, wanapanga nyanya pale palipokuwa paa la nyumba. Na mimi nimepata kipande, nimetandika vitenge vichache alivyonikopesha mama Clotilde. Yeye amejifungua mutoto muke, wamemuita Mapendo.

Kifurushi, asante. Miwani ni nzuri. Papa anaona vizuri.

Ulimwengu wako umefika wapi? Kadi yako ya Mei imefika, ilikuwa fupi.

Papa anakusalimia.

Aziza


Liège, tarehe 18 Agosti 2002

Yaya,

Asalaam alaikum. Natumaini Mapendo anakua na biashara inasogea. Leo sitazunguka.

Wiki hii posta imenirudishia kifurushi. Hakikufika. Kimefungwa vilevile nilivyokifunga, na ndani yake kuna nguo, dawa na miwani ya Papa. Nimeishika mukononi sasa hivi ninapoandika. Na barua yako iko hapa kando, inaniambia miwani ni nzuri na Papa anaona vizuri.

Nimesoma barua zako zote upya tangu mulima. Papa anakusalimia, Papa anakusalimia. Hakuna alichokula, hakuna alichokataa, hakuna aliyegombana naye. Papa yule ninayemujua hawezi kupita mwezi bila kugombana na mutu.

Yaya, Papa yuko wapi?

Nasiba


Goma, tarehe 20 Agosti 2002

Nasiba,

Asalaam alaikum. Sisi tuko wazima. Leo nina neno na wewe, na sitalipaka sukari.

Ulimwengu wako uko wapi sasa? Desemba uliniandikia juu ya nyuzi na shanga, nikafurahi, nikamueleza mama Clotilde mpaka akaelewa kidogo. Machi ukaandika nyuzi na shanga. Kadi ya Mei, nyuzi na shanga. Na profesa bado amefurahi tu, miezi yote hiyo. Hata maneno hukubadilisha. Mimi si mutu wa iniversite, lakini nakujua tangu ulipokuwa unaniambia umeshafua nguo na beseni limekauka.

Umeacha masomo? Kuna mutu amekufanyia vibaya? Uniambie. Ninachokiogopa zaidi ni wewe ukae peke yako na jambo.

Yaya wako


Goma, tarehe 12 Oktoba 2002

Mudogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Nilipofungua yako, nilikaa juu ya jiwe, wateja wakadhani nimefiwa.

Sijui kama nimefiwa. Huo ndio ukweli.

Siku ile asubuhi Papa alikwenda Ndosho kama kawaida yake. Watu walipoanza kupiga kelele kwamba moto umefika uwanja wa ndege, nilifunga butike nikataka kumufuata. Mama Clotilde akanishika kitenge.

"Unaenda wapi? Moto umekata njia!"

"Papa yuko upande wa pili!"

"Basi yuko upande wa pili, ni muzima! Wewe ndiye uko huku!"

Nilimuponyoka, nikarudi ndani kuchukua robota za vitenge. Usiniulize kwa nini. Mutu hawazi. Nilizibeba mbili, moshi ukajaa, nikatokea mulango wa nyuma na moja. Tukavuka Gisenyi. Niliporudi, nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Akaniambia Papa alikuwa naye mpaka muchana, halafu wakakimbia na watu wote upande wa Sake. Huko Papa akasema anarudi kunitafuta. Fundi akamwambia angojee, akaenda kutafuta maji, na aliporudi hakumukuta.

Nimekwenda Sake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimezunguka kambi za watu waliokimbia, Kanyaruchinya na kwingine. Nimesimamisha shofer wa kila kamyo inayotoka Masisi. Ng'ambo ya hapo ni vita, huyu anashika barabara leo, yule kesho, hakuna anayepita. Nimehamia Ndosho kwa fundi juu Papa akirudi, atafikia hapo.

Kwa nini nilikudanganya? Ungeacha kila kitu, ungepanda ndege. Tungekuwa wawili wa kutembea barabarani tukiuliza, na matunda ya miaka yote ya Papa kulala kwenye kamyo yangepotea. Nilisema akipatikana nitakueleza tukicheka.

Na usiniandikie kwamba Papa ni kama hicho kitu chako kisichoonekana. Najua utataka. Papa ni mutu. Ana kikohozi, ana kofia ya kahawia, anapenda kushindana. Namutafuta yeye.

Sasa zamu yako.

Aziza


Liège, tarehe 3 Novemba 2002

Yaya wangu mupenzi,

Nimelia, nimesali, halafu nimekaa kuandika. Sikukasirika. Niliondoka hapo kidogo, nilifika mpaka ofisi ya tiketi za ndege, nikasimama mbele ya kioo chao. Halafu nikasoma tena barua yako, pale unaposema tungekuwa wawili wa kutembea tukiuliza. Nikarudi.

Zamu yangu ni fupi. Tangu Januari sijafanya kazi. Kila asubuhi ninaingia labora ya iniversite, ninawasha ordinateri, ninaona zile picha, ninazima. Nilikuwa ninajiuliza, watu wamelala nje Gisenyi, na mimi ninahesabu galaksi ambazo hazipo kwa sababu ya chembe ambazo labda hazipo. Ina faida gani, kwa nani? Nikawa ninakwenda kukaa maktaba, nasoma magazeti ya Afrika mpaka wafunge. Profesa alinivumilia. Mwezi wa sita aliniita. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Nasiba, ukitaka kupumzika, pumzika. Lakini usijifanye upo." Hata hapo sikusema.

Wewe ulikuwa unauza vitenge juu ya lava ukimutafuta Papa, na bado uliniuliza ulimwengu umefika wapi. Nimeona haya.

Kesho nitawasha na sitazima. Na tusidanganyane tena, Yaya, hata kwa wema. Ukiwa na habari mbaya, nipe. Ukikosa habari, niambie umekosa.

Mudogo wako


Liège, tarehe 9 Machi 2003

Yaya Aziza,

Asalaam alaikum. Asante kwa barua ya Januari, ile iliyosema "sina habari" na kuishia hapo. Ilinipa moyo kuliko salamu zote. Hapa theluji imekwisha, kikohozi changu pia.

Nilikuahidi ukweli, basi pokea. Zile shanga si za kweli.

Kabla ya kuziandika kwenye teze nilitaka kuwa na uhakika. Nikaujenga ulimwengu uleule upya, joto lilelile, mwanzo uleule, ila nikaweka chembe mara nane zaidi. Kama shanga ni sehemu ya ulimwengu, hazina budi kubaki palepale. Zilihama. Zikawa ndogo zaidi, zimekaribiana zaidi. Maana yake zilikuwa zinafuata idadi ya chembe nilizoweka mimi. Maada haikuwa na habari nazo. Chembe zikiwa chache, nyuzi zinakatika vipande kwa makosa ya hesabu, na vipande vinajikunja vikaonekana kama galaksi ndogo. Nimewaonyesha watu picha zile mwaka muzima na zilikuwa uchafu wa mashine.

Nilikwenda kwa profesa nikamwambia. Akazilinganisha picha za mara mbili.

"Kuna watu hawatapenda kusikia hili," alisema.

"Mimi wa kwanza."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimujue. Halafu akasema nianze kuzing'oa, moja baada ya nyingine, nione kinachobaki.

Kinachobaki ni ulimwengu mutupu zaidi, Yaya. Nyuzi laini, galaksi ndogo chache mno. Chache kuliko hata zile tunazoziona angani. Kwa hiyo sasa ninaweza kusema jambo ambalo sikuweza: vuguvugu inawezekana, lakini isizidi hapa. Ingezidi hapa, galaksi tunazoziona zisingekuwepo. Ni mustari tu nimechora, na watu wengine watausogeza. Lakini nimelala usiku muzima bila kuamka.

Bado ninaulizia kwa shirika la kutafuta waliopotea hapa Ubelgiji. Wana jina lake, Nuhu, na kofia ya kahawia nimewaandikia pia.

Nasiba


Goma, tarehe 21 Julai 2003

Nasiba, Nasiba, Nasiba,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Papa ni muzima. Amelala hapa, upande wa pili wa ukuta, na nasikia anavyokohoa.

Nitaanza mwanzo. Kuna mama mumoja wa kabila la Wanande, anaitwa Kasoki, anachukua mafuta ya mawese Walikale, anayaleta Goma kwa ndege ndogo za mizigo, juu barabara bado imefungwa. Amekuwa mteja wangu tangu mwaka huu uanze. Mwezi wa tano, huko Walikale, alikwenda kununua mafuta karibu na musikiti, akamukuta muzee anatengeneza pampu ya baiskeli. Muzee aliposikia kwamba Kasoki anatoka Goma, akasema: "Goma sina mutu tena. Binti yangu alikuwa anauza vitenge Birere. Aliungua na butike yake."

Kasoki akauliza jina.

"Aziza."

"Aziza wa Ndosho? Muke mwembamba, anasema maneno mengi? Papa, nimenunua kitenge kwake wiki iliyopita."

Alimukatalia! Akasema Aziza wako wengi, asimucheze na kidonda chake. Kasoki akamwambia: "Nipe basi neno moja nimupelekee." Papa akafikiri, akasema: "Muulize, asubuhi ile ya mulima, kabla sijatoka nyumbani, nilisema nini."

Kasoki alipofika kwenye meza yangu na swali hilo, nilishika vitenge visinianguke. Nikasema: "Alisema hata mulima ungeonja chai yangu ungetapika."

Ndiyo, Nasiba. Ndilo neno la mwisho aliloniambia. Mulima ulikuwa umetoa moshi asubuhi hiyo, naye akafanya mchezo. Nilikuwa sijamwambia mutu.

Kasoki akarudi na jibu. Papa akakaa chini kwenye udongo, pampu mukononi. Wakubwa wamepatana huko Kinshasa, ndege zimezidi, na waislamu wa Walikale walimutafutia nafasi juu ya magunia. Nilimungojea uwanjani. Ameshuka amekonda, nywele zote nyeupe, jicho moja limekufa kabisa. Alinishika uso kwa mikono miwili kama kipofu.

"Waliniambia ulirudi ndani," alisema. "Jirani mumoja alifika Sake kwa mutumbwi, alikuwa ameona kwa macho yake. Uliingia mulango na hukutoka."

"Nilitokea nyuma, Papa."

"Nyuma," akasema. "Nyuma." Akarudia mpaka tukafika Ndosho.

Jirani hakusema uongo. Aliona aliyoyaona. Papa akaamini hana tena mutu Goma, akaanza safari ya kurudi Kasongo kwa watu wake, vita ikamufungia Walikale. Nikamuuliza, karibu kwa hasira: "Na Nasiba? Ubelgiji barua zinafika. Kwa nini hukumuandikia?" Akaangalia upande.

"Ningeandika nini? Kwamba yaya wake ameungua? Mutoto alikuwa na masomo. Nilisema amalize kwanza."

Tulicheka, Nasiba. Tulicheka wote wawili mpaka muke wa fundi akaja kuona. Halafu hatukucheka tena.

Maliza upesi. Hakuna tena wa kufichana.

Aziza


Liège, tarehe 28 Septemba 2003

Yaya, na Papa wangu,

Asalaam alaikum wote wawili. Ninafurahi tu kuandika salamu hiyo, wawili. Sauti ya Papa kwenye simu mpaka sasa iko masikioni, ingawa alitumia dakika zote kuuliza simu inakula kiasi gani.

Jana nimeitetea teze. Chumba kilijaa. Nilieleza nyuzi, nikaeleza shanga na jinsi nilivyojua si za kweli, nikaonyesha mustari wangu. Muzee mumoja wa jopo, mwenye ndevu, aliinuka akasema: "Binti, miaka minne umetuambia maada ya giza si hivi na haiwezi kuwa vile. Ni nini, basi?"

Nikasema: "Sijui, Profesa. Lakini nilipoanza kulikuwa na majibu mengi zaidi yaliyowezekana."

Alikaa akitikisa kichwa, sikujua kama ni vizuri. Walitoka, wakarudi, wakanipa. Mimi ni dokta, Papa, ingawa si wa sindano.

Wamenipa kazi ya miaka miwili hapahapa. Nimesema nitajibu nikirudi kutoka Goma. Nakuja Desemba, nitashukia Kigali. Yaya, safari hii usiniambie nisije.

Nasiba


Goma, tarehe 26 Oktoba 2003

Dokta wetu,

Asalaam alaikum. Njoo. Nitakungojea pale mupakani, Grande Barrière, na mama Clotilde na Mapendo, ambaye sasa anatembea na anaharibu vitu.

Tulifanya sadaka kwa ajili yako. Fundi alisimama akataka kuwaeleza wageni umesomea nini. Akaanza vizuri, halafu akaingiza injini katikati, Papa akamusahihisha, wakagombana mpaka chakula kikapoa. Mama Clotilde ndiye aliyewaeleza. Alisema: "Ni kitu kinachovuta na hakionekani, na Nasiba amejua vile kisivyo." Watu wakapiga makofi.

Sasa nikupe la nyumbani. Tumepata ruhusa kujenga tena Birere, palepale petu, juu ya lava. Nilitaka kungoja mwaka kesho. Papa hakungoja. Kila asubuhi anakwenda na nyundo, na lile jicho moja, anavunja lile jiwe jeusi. Nimemukataza, fundi amemukataza. Anasema kamyo ilimufundisha kwamba barabara mbaya inaliwa kidogo kidogo. Mawe anayovunja ndiyo anayojengea. Ukuta wa mbele umefika magotini.

Jana nilimupelekea chakula. Alikuwa amechora vyumba chini kwa chokaa. Akanionyesha: hapa sebule, hapa mimi, hapa wewe Aziza. Chumba cha upande wa ziwa, kikubwa kuliko vyote, akasema ni cha Nasiba.

Nikamwambia: "Papa, Nasiba amepewa kazi Ulaya. Hatakaa hapa."

Alichukua nyundo akarudi kwenye jiwe.

"Kukaa ni mambo yake," alisema. "Chumba ni mambo yangu."

Yaya wako,
Aziza